Fomu ya Serikali ya Marekani Ikikusumbua: Jinsi ya Kutoa Maoni Kabla Haijapitishwa

Jirani yangu ni mama wa Tanga anayefanya usafi hotelini hapa Columbus, Ohio. Siku moja posta ilimletea dodoso la kaya la serikali kuu, kurasa tele na maandishi madogo. Jumamosi hiyo nilimkuta jikoni anachambua mchele, kijana wake wa sekondari yuko mezani na kalamu, anamtafsiria swali moja moja. Wakafika kwenye swali la saa anayotoka nyumbani kwenda kazini.

"Saa kumi na moja," mama akajibu bila kuinua macho.

Kijana, mzaliwa wa hapa hapa, akaandika 11:00 na kutia alama kwenye kisanduku cha asubuhi.

"Baba, hiyo ni kumi na moja ya alfajiri," nikamwambia. "Saa tano mama yako anakuwa keshatandika vitanda vya ghorofa nzima."

Akafuta, akaandika 5:00. Mchele ukaoshwa, tukaendelea na mengine, lakini jambo lile halikunitoka. Mama yule hupanda basi la kwanza, nje kukiwa bado giza. Majibu ya maswali kama hayo ndiyo yanayotazamwa na wanaopanga barabara na ratiba za mabasi. Waswahili mia wakiandikwa wanatoka saa tano asubuhi, basi la alfajiri litaonekana halina abiria. Nyumba ngapi hazikuwa na mtu pembeni wa kusahihisha?

Marekani ina sheria inayokuruhusu kuiambia ofisi yenye fomu, kabla fomu haijapitishwa, kwamba swali hili halieleweki, lile halina kazi, na dakika mlizokadiria hazitoshi. Nimekaa miaka kadhaa nikiwasaidia watu wetu kujaza makaratasi haya, na nimegundua kwamba fomu tunazijua sana ila haki hii hatuijui. Mwongozo huu ni wa kuitumia.

Kwanza, sheria inasemaje

Inaitwa Paperwork Reduction Act, yaani Sheria ya Kupunguza Makaratasi. Rais Jimmy Carter aliitia saini Desemba 1980, na mwaka 1995 Bunge la Marekani likaiandika upya. Msingi wake ni huu: ofisi ya serikali kuu haiwezi kuuliza watu 10 au zaidi maswali yaleyale mpaka ipate idhini ya Ofisi ya Menejimenti na Bajeti, OMB, iliyo chini ya Ikulu. Ndani ya OMB kuna kitengo kinachoitwa OIRA, na hapo ndipo fomu zinapopitiwa. Sheria inagusa fomu ya karatasi, dodoso la mtandaoni, mahojiano ya simu, hata kumbukumbu ambazo mwajiri anaagizwa kuzitunza.

Idhini haidumu zaidi ya miaka 3. Ikikaribia kuisha, ofisi lazima iombe upya, na kila inapoomba umma unaulizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku 60, na maoni yanakwenda kwa ofisi yenyewe. Mara ya pili ni siku 30, na maoni yanakwenda OIRA. Hata kama fomu haibadilishwi nukta, milango hiyo miwili inafunguliwa.

Hakuna anayeuliza uraia wako. Mwenye green card, mkimbizi, mwanafunzi, mwenye biashara, msikiti, kanisa, chama cha Wakenya au cha Wakongomani wa mji wenu, wote wanaweza kuandika. Waliokulia Kenya baada ya Katiba ya 2010 wameshazoea kusikia ushirikishwaji wa umma. Hili ni tawi la mti huohuo, isipokuwa hapa hakuna baraza wala ukumbi, kila kitu ni kwa maandishi.

Mpaka mmoja uujue mapema. Fomu za jimbo, kaunti au shule ya mtoto kwa kawaida haziko chini ya sheria hii. Ukisumbuliwa na fomu ya ofisi ya jimbo, malalamiko yapeleke jimboni.

Je, maoni yanasomwa kweli?

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na watu wazima waliotoka nchi ambazo sanduku la maoni lilikuwa la kutundikwa ukutani tu. Nawajibu kwa kisa kimoja.

Ofisi ya Sensa ya Marekani huendesha utafiti wa kila mwaka uitwao American Community Survey, unaopelekwa kwenye anwani kama milioni 3.5. Tangu 2008 una maswali sita ya ndiyo au hapana kuhusu ulemavu: kusikia, kuona, kutembea, na kadhalika. Oktoba 2023 ofisi hiyo ilitangaza kwamba inataka kuyabadilisha. Badala ya ndiyo au hapana, mtu angechagua kiwango cha ugumu alionao, na kwenye hesabu kuu wangeingizwa wale tu wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Kwa majaribio yao wenyewe, watu wanaohesabiwa kuwa na ulemavu wangeshuka kutoka asilimia 13.9 hadi asilimia 8.1.

Watu wenye ulemavu waliuona mlango wa siku 60, wakaingia. Yakafika maoni zaidi ya 12,000, mengi yakieleza kwa maisha ya mwandishi mwenyewe kwa nini mtu anayetumia fimbo, au anayesikia kwa mashine, asingeonekana tena kwenye takwimu. Tarehe 6 Februari 2024 mkurugenzi wa ofisi hiyo, Robert Santos, akatangaza kwamba maswali ya zamani yatabaki kwenye utafiti wa 2025.

Sisemi kila maoni yanashinda. Mengi hayabadilishi kitu. Lakini mlango upo, na anayepita ni yule aliyejua kwamba upo.

Hatua ya 1: Soma kona ya fomu

Chukua fomu yoyote ya serikali kuu, tazama juu, mara nyingi upande wa kulia. Utaona herufi OMB na namba ya tarakimu nane zilizogawanywa kwa kistari katikati. Hiyo ndiyo namba ya udhibiti. Tarakimu nne za mwanzo zinakuambia fomu ni ya nani: 0607 ni Ofisi ya Sensa, 1615 ni USCIS inayoshughulika na uraia na uhamiaji, 1545 ni mamlaka ya kodi, IRS. Fomu N-400 ya kuomba uraia, kwa mfano, ni 1615-0052. American Community Survey ni 0607-0810.

Karibu na namba hiyo mara nyingi pana tarehe ya kuisha. Wengi wetu tunaitazama ili kuhakikisha hatujazi toleo la zamani, na ni vizuri. Wewe itazame kwa jicho la pili: ndiyo inayokuambia lini umma utaulizwa. Rudisha nyuma miezi sita hadi tisa, anza kuangalia.

Tafuta pia aya moja ndogo, kwa kawaida mwanzoni au ukurasa wa mwisho, inayosema fomu hii inakadiriwa kuchukua dakika au saa kadhaa. American Community Survey, kwa mfano, imekadiriwa dakika 40 kwa kaya. Aya hiyo husomwa na watu wachache mno, nawe ndiyo utakayoifanyia kazi kubwa kuliko zote.

Kuna jambo watu hulipenda sana wakilisikia, nalo lataka tahadhari. Sheria inasema mtu haadhibiwi kwa kutojibu fomu isiyoonyesha namba halali ya udhibiti. Ni kweli, lakini usiikimbilie kama ngao. Wajibu uliowekwa na sheria nyingine moja kwa moja, kama kulipa kodi, unabaki palepale. Vilevile, kutoa maoni si kujibu: utafiti kama American Community Survey ni wa lazima kisheria, hivyo ujaze, kisha uukosoe.

Hatua ya 2: Lipate tangazo

Matangazo hutoka kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali, linalochapishwa kila siku ya kazi na kusomwa bure kwenye federalregister.gov. Andika namba ya udhibiti kwenye kisanduku cha kutafutia, au jina la fomu. Matangazo ya aina hii karibu yote huanza na maneno "Agency Information Collection Activities". Ukiyatia pamoja na jina la ofisi, utayapata mengi. Unaweza pia kujiandikisha tangazo jipya likitoka likufikie kwa barua pepe.

Ukilifungua, usisome kama gazeti. Chota mambo manne: siku ya mwisho ya kupokea maoni, namba ya jalada (docket number), wapi pa kutuma, na nani wa kumuuliza. Kisha tazama kama ni tangazo la siku 60 au la siku 30, maana anwani ni tofauti.

Hatua ya 3: Omba nyaraka zilizo nyuma ya tangazo

Tangazo ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni rasimu ya fomu na maelezo ya utetezi (supporting statement), waraka ambao ofisi inaeleza kwa nini inahitaji kila inachouliza. Katika siku 60 za mwanzo, kama nyaraka hazimo kwenye jalada, mwandikie barua pepe mhusika aliyetajwa kwenye tangazo na uombe nakala. Hulipi. Mistari miwili inatosha: taja namba ya udhibiti, sema unataka rasimu na maelezo ya utetezi. Zikifika siku 30 za mwisho, zote ziko kwenye tovuti ya reginfo.gov.

Sehemu A ya waraka huo ina maswali 18 ambayo ofisi lazima iyajibu. Ukikosa muda, nenda moja kwa moja kwenye swali la 12, penye hesabu ya mzigo: watu wangapi, mara ngapi kwa mwaka, dakika ngapi kila mmoja. Utafiti wa takwimu huwa na Sehemu B pia, inayoeleza watu wanavyochaguliwa na kufuatiliwa.

Hatua ya 4: Pima kwa saa yako mwenyewe

Hapa ndipo maoni ya Mswahili yanapopata uzito ambao mtaalamu wa Washington hawezi kuutoa ofisini kwake. Yeye ana makadirio. Wewe una meza ya jikoni.

Kaa na mtu mmoja anayejaza fomu ile, kwa ridhaa yake. Washa saa ya simu anapoanza. Usihesabu dakika za kalamu peke yake. Kisheria mzigo ni pamoja na kusoma maelekezo, kutafuta nyaraka, na kuhakiki ulichoandika. Kwa hiyo andika dakika za kutafuta pasipoti ya zamani kwenye sanduku chini ya kitanda. Andika dakika za kumpigia simu ndugu Kigoma kuuliza mwaka wa ndoa. Mtafsiri naye muda wake ni muda.

Dodoso la jirani yangu lilidai kuchukua chini ya saa moja. Tulianza saa nne na robo asubuhi, tukamaliza saa sita kasoro dakika tano, kijana akiwa ametoka mara moja tu kunywa maji.

Pembeni ya dakika, andika kila mahali mlipokwama na mlikwamishwa na nini. Saa nimeshaieleza: sisi tunaanza kuhesabu mchana saa kumi na mbili asubuhi, wao wanaanza usiku wa manane, na mtoto aliyesomea hapa hajui kwamba mama yake anahesabu tofauti. Yapo mengine yanayojirudia karibu kila nyumba.

Majina. Mtu wa pwani ana jina lake, la baba na la babu, na la ukoo huenda halipo kabisa. Fomu inadai la mwisho. Mwaka huu ataandika la babu, mwaka ujao la baba, na mtu mmoja anageuka wawili.

Udugu. Mama anasema "huyu ni mwanangu" akimaanisha mtoto wa dada yake aliyemlea tangu ananyonya. "Kaka yangu" ni mtoto wa baba mkubwa. Visanduku vya uhusiano havina nafasi ya hayo, na anayetafsiri kwa haraka anatia alama kwenye mwana wa kuzaa. Kwenye fomu ya uhamiaji, alama hiyo inaweza kumletea mtu matatizo makubwa.

Tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi, wa Kongo na kwingineko, wameandikwa wamezaliwa Januari 1 kwa sababu kambini hapakuwa na cheti. Wakiulizwa upya wanasita: waseme ya karatasi au ile waliyoambiwa na mama?

Lugha. American Community Survey inauliza lugha inayosemwa nyumbani, na tangu 2016 majedwali yake yana safu inayoitwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Kabla ya hapo tulimezwa kwenye lugha za Afrika kwa jumla. Lakini safu hiyo haijazwi na hewa. Nimewaona watu wakiandika "African" kwenye nafasi ile, na mwingine akaandika jina la nchi. Kwenye sensa ya 2020, Ofisi ya Sensa ilitoa miongozo ya kujaza kwa lugha 59 zaidi ya Kiingereza, Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo kuuliza kama fomu nyingine itapewa mwongozo wa Kiswahili ni hoja yenye mfano wa kusimamia.

Asili. Machi 2024 OMB ilibadilisha namna serikali kuu inavyouliza rangi na asili, baada ya kupokea maoni zaidi ya 20,000. Chini ya Mweusi kuna visanduku vya nchi au jamii kadhaa, wakiwemo Wanaijeria, Waethiopia na Wasomali. Mkongomani anatajwa kama mfano wa jibu la kuandika kwa mkono. Mkenya na Mtanzania nao waandike wenyewe. Kila ofisi inapoingiza mabadiliko hayo kwenye fomu zake, fomu inapita tena mbele ya umma, na hapo unaweza kusema watu wako wanalisomaje swali lile. Kwa mfano, bibi wa Lamu mwenye babu wa Hadhramaut anajiweka wapi, na je, anaelewa kwamba anaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja?

Ukipata nyumba tatu au nne zilizopimwa hivi, una kitu. Usiwabadilishie maneno. Mtu akisema "hapa sielewi wananiuliza mimi au mume wangu", iandike vilevile.

Hatua ya 5: Andika

Sheria inaomba maoni juu ya mambo manne, na anayesoma atayagawa maoni yako humo. Je, taarifa hii inahitajika kweli kwa kazi ya ofisi, na itatumika? Je, makadirio ya muda ni sahihi? Maswali yaboreshwe vipi yaeleweke? Mzigo upunguzweje, kwa mfano kwa fomu ya mtandaoni? Huna haja ya kuyagusa yote. Moja lililoshibishwa linatosha.

Usiandike hotuba. Maneno kama "serikali hii haitujali" yanaweza kuwa ya kweli moyoni mwako, lakini ofisa hana safu ya kuyaweka. Usiandike pia kuhusu kesi yako binafsi. Hapa si mahali pa kuulizia maombi yaliyokwama.

Kila hoja iwe na vitu vitatu: swali namba fulani, kilichotokea, na maneno unayopendekeza badala yake. Hili la tatu ndilo tunalolisahau. Ukimwachia ofisa atafute dawa, huenda asiitafute.

Mfano wa aya, uandike kwanza kwa lugha unayofikiria nayo:

"Ninasaidia kwa kujitolea familia zinazozungumza Kiswahili. Nilikaa na kaya nne zikijaza dodoso hili. Makadirio yenu ni chini ya saa moja. Kaya hizi zilichukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili, kwa sababu mtu mmoja alikuwa akiwatafsiria wengine. Kwenye swali la saa ya kutoka kwenda kazini, kaya mbili ziliandika muda uliokosewa kwa saa sita, kwa kuwa Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Napendekeza mwongozo wa Kiswahili utaje mfano: saa kumi na moja alfajiri iandikwe 5:00 a.m. Napendekeza pia makadirio yatenge kaya zinazohitaji mkalimani."

Aya hiyo haijatukana wala kubembeleza. Ina namba, ina sababu, ina dawa.

Kisha itafsiri kwa Kiingereza. Baadhi ya matangazo, hasa ya uhamiaji, husema wazi kwamba maoni yawe ya Kiingereza au yaambatane na tafsiri. Kiingereza kikiwa cha kuungaunga si neno, mradi namba na maswali yako sahihi. Kijana aliyemaliza sekondari hapa anaweza kukusaidia, na kwake ni somo zuri la uraia.

Mara nyingine tatizo si uzito wa swali, ni kama liulizwe kabisa. Machi 2025 USCIS ilitangaza pendekezo la kukusanya majina ya akaunti za mitandao ya kijamii kwenye fomu kadhaa za uhamiaji, zikiwemo N-400 na ile ya kuomba hifadhi. Kwenye jambo kama hilo wengi huandika hasira. Wewe andika unachokijua: nyumba ambayo simu moja inatumiwa na watu watatu, akaunti iliyofunguliwa na mpwa kwa jina la utani, mzee asiyekumbuka aliwahi kujiunga na nini. Uliza jibu la mtu huyo litahesabiwa kuwa la uongo au la usahaulifu. Hayo yanagusa uhitaji, usahihi na mzigo kwa mpigo.

Usikopi barua ya kampeni neno kwa neno. Maoni elfu yanayofanana husomwa kama maoni mamoja yenye sahihi elfu. Ukiikubali barua ya chama, anza na aya mbili zako mwenyewe.

Hatua ya 6: Tuma, na ujilinde

Katika siku 60, fuata anwani iliyoandikwa kwenye tangazo. Mara nyingi ni regulations.gov: tafuta namba ya jalada, bonyeza sehemu ya kutoa maoni, bandika maandishi yako. Kisanduku kinabeba herufi 5,000; ukizidisha, ambatisha faili. Ofisi nyingine hupokea kwa barua pepe, na hapo andika namba ya udhibiti kwenye kichwa cha barua. Katika siku 30, nenda reginfo.gov, kwenye orodha ya maombi yaliyo wazi kwa maoni ya umma, chagua ofisi, chagua fomu.

Utakachotuma kitasomwa na dunia nzima. Usitie namba yako ya uhamiaji, namba ya Social Security, anwani ya nyumbani, simu, wala majina ya watu uliokaa nao. Sema "kaya moja ya watu saba", inatosha. Regulations.gov inakuruhusu kutuma kama mtu binafsi, kama shirika au bila jina. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea, mimi humshauri apitishe maoni yake kupitia chama, kanisa au msikiti, au azungumze na wakili wake kwanza. Uzoefu wake utafika vilevile.

Ukimaliza utapewa namba ya ufuatiliaji. Ipige picha. Usisubiri usiku wa mwisho, maana saa ya kufunga huandikwa kwa majira ya Mashariki ya Marekani, na aliye Seattle hudhani bado ana saa tatu.

Hatua ya 7: Rudi uangalie walijibu nini

Ombi likipelekwa OIRA, fungua tena maelezo ya utetezi kwenye reginfo.gov, uende swali la 8. Hapo ofisi inatakiwa kufupisha maoni iliyopokea katika siku 60 na kueleza ilichofanya. Tafuta hoja yako. Wakati mwingine utaikuta imekubaliwa kwa sentensi moja kavu. Wakati mwingine wamesema makadirio yao yanatosha. Na wakati mwingine haimo.

Ikiwa haimo au imepotoshwa, mlango wa siku 30 uko wazi, na safari hii unamwandikia msimamizi wao. Barua iwe fupi: tarehe uliyotuma, namba ya ufuatiliaji, hoja yako, na maneno kwamba swali la 8 halikuijibu. OIRA haiwezi kuidhinisha kabla siku hizo 30 hazijapita. Inaweza kuipitisha fomu ilivyo, kuikataa, au kuipitisha kwa masharti, na uamuzi huo pia unawekwa palepale.

Fomu ikipitishwa itatoka na tarehe mpya ya kuisha. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, hesabu miezi tisa kurudi nyuma, weka alama, na karatasi zako za vipimo zibandike na pini nyuma ya kalenda hiyohiyo.